Taarifa zikivuja, mwenyewe ndiye wa kwanza kuambiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie habari mliyoichapisha wiki iliyopita katika kurasa za biashara, kuhusu kampuni moja ambayo kanzidata ya wateja wake ilidukuliwa na taarifa zao zikachukuliwa. Habari ile ilikuwa fupi na, kwa kadiri ninavyoweza kupima, ilikuwa sahihi. Ilitaja idadi ya wateja walioguswa, ikaeleza kwamba bei ya hisa za kampuni ilishuka kisha ikapanda tena, na ikamnukuu msemaji akisema kwamba taarifa zilizochukuliwa ni za kawaida, yaani majina, anwani, namba za simu na tarehe za kuzaliwa, na kwamba hakuna ushahidi kuwa zimetumika vibaya. Hapo ikaishia. Haikusema kampuni iligundua lini kwamba imeibiwa, wala haikuwa na sauti ya mteja hata mmoja.

Nimefanya kazi ya masjala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza ya majalada ya karatasi na baadaye ya kompyuta, na huenda ndiyo sababu kauli ya msemaji yule ilinikera kuliko ilivyowakera wengine. Mtunza kumbukumbu hawezi kusema kwa dhati kwamba taarifa ya mtu ni ya kawaida, kwa kuwa hajui mtu huyo anaishi vipi. Anwani ya nyumbani ya mtu mmoja inajulikana na mtaa mzima. Anwani ya mwanamke aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga ni suala la uhai wake. Tarehe ya kuzaliwa ni jambo la kusherehekea kwa wengi, lakini kwa tapeli anayepiga simu benki akijifanya mteja, ndiyo swali la kwanza analoulizwa. Jina tupu, likionekana kwenye orodha ya wagonjwa wa kliniki fulani, linatosha kuvunja uchumba. Ninachotaka kusema ni kwamba mwenye taarifa peke yake ndiye anayejua ni kipi ndani yake kinachoweza kumdhuru. Kwa hiyo ndiye anayepaswa kuambiwa mapema na kwa ukamilifu, wala si haki aliyezembea kuitunza ndiye aamue, kwa niaba yake, kama jambo lenyewe ni zito au jepesi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa Ireland ya Kaskazini. Mwezi Agosti 2023 polisi wa huko walijibu ombi la mwananchi aliyetaka kujua idadi ya watumishi katika kila cheo, na katika jibu hilo wakaambatisha jedwali la kompyuta lililokuwa na ukurasa mwingine uliofichika. Ukurasa huo ulikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, vyeo na sehemu za kazi za watumishi 9,483, na ulikaa kwenye intaneti kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuondolewa. Hapakuwa na mdukuzi. Palikuwa na mtumishi aliyebonyeza kitufe bila mwingine kukagua kazi yake. Kwa walimu au makarani, orodha ya namna hiyo ingeweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo na hakuna ambaye angeshtuka. Lakini pale ni mahali ambapo askari wamekuwa wakiwindwa na makundi yenye silaha kwa miongo mingi, na ambapo wapo wanaoficha kazi yao hata kwa majirani na jamaa. Mkuu wa polisi alikiri kwamba orodha ilikuwa imefika mikononi mwa makundi hayo. Watu ambao taarifa zao zilikuwa, kwa kipimo cha msemaji wenu, za kawaida kabisa, walianza kukagua magari yao kila asubuhi na kujiuliza kama wahame. Baadaye polisi walitozwa faini ya pauni 750,000.

Sheria zimejaribu kuliweka sawa jambo hili, ingawa zimeacha mlango wazi mahali pabaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2018, inaitaka taasisi iliyovujisha taarifa kuiarifu mamlaka ya usimamizi ndani ya saa 72 tangu ilipogundua. Kenya ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 iliweka muda huo huo wa saa 72, na Tanzania ilipata sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Hayo ni mambo ya kushukuru, kwa maana miaka michache tu iliyopita, katika nchi nyingi, hapakuwa na wajibu wa namna hiyo. Hata hivyo, katika kanuni ya Ulaya, ambayo wengi wameiiga, kuna tofauti kubwa kati ya kuiarifu mamlaka na kumwarifu mwenye taarifa. Mamlaka huarifiwa karibu kila mara. Mwenye taarifa huarifiwa pale tu ambapo tukio linaelekea kumletea hatari kubwa. Na anayepima mwanzoni kama hatari hiyo ni kubwa au ndogo ni taasisi ile ile iliyovujisha, katika siku zile zile ambazo wanasheria wake wanaogopa kesi na wakurugenzi wake wanaogopa bei ya hisa. Mamlaka inaweza kuilazimisha baadaye, lakini mpaka hapo anayeulizwa kama moto ni mkubwa ni yule aliyeuwasha.

Sisemi hivi kwa dhana tu. Mwaka 2016 kampuni ya usafiri ya Uber iliibiwa taarifa za abiria na madereva wake wapatao milioni 57. Badala ya kuwaambia, iliwalipa wezi dola 100,000 na kunyamaza. Habari ilijulikana mwezi Novemba 2017, baada ya uongozi kubadilika, na mwaka 2022 aliyekuwa mkuu wa usalama wa kampuni alitiwa hatiani na baraza la mahakama huko Marekani kwa kuficha tukio hilo. Yahoo iliibiwa taarifa mwaka 2013, ikatangaza mwezi Desemba 2016 kwamba akaunti bilioni moja ziliguswa, na mwaka uliofuata ikasahihisha kwamba ni akaunti zote, bilioni tatu. Kwa miaka mitatu hiyo watu waliendelea kutumia nywila zile zile na majibu yale yale ya maswali ya siri, huku mtu mwingine akiwa nayo mkononi.

Nikihamia kwenye taarifa za afya, naomba wasomaji wavumilie nikae hapo kwa muda, kwa sababu ndipo madhara yanapoonekana bila pazia. Nchini Finland kulikuwa na kampuni iliyoitwa Vastaamo, yenye vituo vingi vya tiba ya kisaikolojia, ambako watu walikwenda kuzungumza na wataalamu juu ya ndoa zao, ulevi, msiba, ubakaji, mawazo ya kujiua na mengine ambayo mtu huyasema mara moja tu maishani, tena kwa sauti ya chini. Wataalamu waliandika kumbukumbu za mazungumzo hayo kwenye mfumo wa kompyuta ambao ulinzi wake ulikuwa hafifu mno. Mfumo uliingiliwa mwaka 2018 na tena mwaka 2019. Wagonjwa hawakujua. Walikuja kujua mwezi Oktoba 2020, na si kwa barua ya kampuni: mtu aliyekuwa na kumbukumbu hizo, baada ya kampuni kukataa kumlipa bitcoin 40, aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja kwa barua pepe, akidai euro 200 katika muda wa saa 24, na euro 500 kwa atakayechelewa, la sivyo maneno waliyomwambia mtaalamu wao yangeanikwa hadharani. Wagonjwa walioguswa walikuwa wapatao 33,000, wakiwamo watoto. Hata waliolipa hawakununua chochote, kwani kumbukumbu zilikwisha kuwekwa kwenye mtandao wa siri ambako yeyote angeweza kuzinakili.

Mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo iliona kwamba kampuni ilipaswa kutoa taarifa tangu mwaka 2019, ikaitoza faini ya euro 608,000. Kampuni ilikwisha kufilisika. Mwezi Aprili 2024 mahakama ya mwanzo ilimhukumu mshtakiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Yote hayo ni sawa, lakini tazama kilichopotea kati ya mwaka 2019 na Oktoba 2020. Mgonjwa aliyearifiwa mapema angeweza kukaa na mke wake akamweleza mwenyewe, kwa maneno yake na kwa wakati wake, jambo ambalo sasa angeweza kulisoma kutoka kwa mgeni. Mzazi angeweza kumwandaa mtoto. Mwingine angeamua kutofanya lolote, na huo nao ungekuwa uamuzi wake. Kampuni iliponyamaza iliwanyang'anya watu nafasi ya kuwa wa kwanza kusimulia maisha yao, na hakuna faini inayoweza kurudisha nafasi hiyo.

Singapore ilipitia jambo la namna hiyo kwa njia nyingine. Mwezi Januari 2019 wizara ya afya ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 waliogunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI, raia 5,400 na wageni 8,800, zilikuwa zimevujishwa mtandaoni. Chanzo hakikuwa udukuzi kutoka nje, bali mtu aliyekuwa na uhusiano wa karibu na daktari aliyekuwa na mamlaka ya kuifikia orodha hiyo. Kilichowaudhi wengi ni kwamba wizara ilikuwa imejua tangu mwaka 2016 kuwa mtu huyo alizishika taarifa hizo, ikaamini kwamba zimekamatwa zote, na ikaona ni heri kutowatia hofu wagonjwa wengi. Naielewa huruma iliyomo katika uamuzi huo. Daktari hampi mgonjwa wasiwasi bila sababu. Lakini huruma hiyo ilimfanya mgonjwa awe mtu wa mwisho kujua habari zake mwenyewe, baada ya polisi, maofisa wa wizara na yule aliyezivujisha.

Naomba niseme neno kuhusu hoja inayopingana na yangu, kwa sababu ina nguvu mahali pamoja. Wapo wanaosema kwamba kutangaza uvujaji ni kumwonyesha mwizi mwingine palipo na mali. Mwezi Februari 2022 ofisa mmoja wa Uingereza alituma kwa barua pepe jedwali ambalo alidhani lina safu chache, kumbe lilikuwa na majina ya Waafghanistan karibu 19,000 waliokuwa wameomba kuhamishiwa Uingereza kwa kuogopa kulipizwa kisasi na Taliban. Serikali ilibaini mwezi Agosti 2023, sehemu ya orodha ilipoonekana kwenye Facebook, ikaenda mahakamani na kupata amri iliyozuia hata kutajwa kwamba amri hiyo ipo. Amri iliondolewa Julai 2025. Hapa ninakubali kwamba kelele za magazeti katika wiki za kwanza zingeweza kuwaua watu, na kwamba kuwahamisha kimya kimya walio katika hatari kubwa zaidi lilikuwa jambo la busara. Ila amri iliyoombwa kwa miezi michache ilidumu karibu miaka miwili, na wengi waliokuwa kwenye orodha, ambao wangeweza kubadilisha namba za simu, kuhama mji au kuvuka mpaka kwa njia zao wenyewe, hawakuwa na habari. Tena kulitangazia taifa na kumwambia mhusika ni mambo mawili; ugumu wa la kwanza umetumika mara nyingi mno kuwa kisingizio cha kutofanya la pili.

Kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa kumekwisha kuthibitishwa, na si na serikali. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Australia, Troy Hunt, alianzisha mwaka 2013 huduma ya bure iitwayo Have I Been Pwned, ambayo humwezesha mtu kuandika anwani yake ya barua pepe na kuona kama imo katika uvujaji unaojulikana. Mwaka 2015 zilipovuja taarifa za Ashley Madison, tovuti ya Kanada iliyokuwa ikiwakutanisha watu waliotaka kutoka nje ya ndoa, yeye aliona kwamba kumruhusu kila mtu kutafuta jina la mwenzake kungezidisha madhara. Akaweka utaratibu kwamba kwa uvujaji wenye aibu ya namna hiyo, jibu litumwe kwenye barua pepe inayohusika peke yake, baada ya mwenyewe kuthibitisha kuwa ni yake. Kama mtu mmoja aliweza kulifikiria hilo, kampuni zenye idara nzima za mawasiliano hazina udhuru.

Tukio hilo la Ashley Madison lina funzo jingine linalowahusu ninyi wa magazeti moja kwa moja. Tovuti ile haikuwa ikihakiki barua pepe za wanaojiandikisha, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuandikishwa na adui yake au na mwenye kufanya mzaha. Iliwatoza watu dola 19 ili iwafute kabisa, na wengine waliolipa walikutwa bado wamo. Hata hivyo, wanahabari katika nchi mbalimbali walijitosa kuchambua majina kutafuta watu mashuhuri, na redio moja ikampekulia msikilizaji jina la mume wake hewani. Polisi wa Toronto walisema, siku chache baada ya taarifa kumwagwa, kwamba walikuwa wamepokea ripoti zisizothibitishwa za watu wawili waliojiua. Matapeli nao waliendelea kuwatumia watu vitisho kwa miaka. Sitetei usaliti katika ndoa. Nasema tu kwamba mume au mke aliyedanganywa hakuwapa wanahabari ruhusa ya kumpelekea habari hiyo mbele ya jirani zake.

Tofauti na hayo, mwaka 2022 kampuni ya bima ya afya ya Australia iitwayo Medibank iliibiwa taarifa za wateja milioni 9.7, ikakataa kulipa, na wezi wakaanza kumwaga taarifa hizo kwa mafungu, mojawapo likiwa la wanawake waliodai bima kwa sababu ya kutoa au kuharibika mimba. Habari iliandikwa kwa mapana, lakini vyombo vikubwa vya nchi hiyo havikuchapisha majina wala havikuwaelekeza wasomaji mahali orodha zilipo. Kwa hiyo kumbe inawezekana kuandika kwa ukali juu ya uvujaji bila kuwa mfereji wa pili wa kile kilichovuja.

Kuna kundi jingine ambalo halionekani kabisa katika hesabu, nalo ni la watu ambao hawakuwahi kutoa taarifa zao kwa yeyote. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba ofisi yake ya utumishi imeibiwa taarifa za uchunguzi wa watu milioni 21.5, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Fomu za uchunguzi huo humtaka mwombaji kazi ataje wazazi, ndugu, marafiki, majirani wa zamani, madeni na matibabu ya akili. Jirani aliyetajwa kwenye fomu hakusaini chochote. Mwaka 2023 kampuni ya vipimo vya vinasaba, 23andMe, iliingiliwa kupitia akaunti zipatazo 14,000 ambazo wenyewe walikuwa wakitumia nywila zilizokwisha kuvuja kwingine. Kutoka hapo, kwa kutumia sehemu inayowaunganisha watu na ndugu zao wa damu, wezi wakazifikia taarifa za watu milioni 6.9. Mawakili wa kampuni waliwaandikia waathirika kwamba kosa ni la waliorudia nywila. Sawa, tuseme ni kosa la wale 14,000; mamilioni waliobaki kosa lao lilikuwa kuwa na binamu. Na kampuni iliyoshika vinasaba vya watu haikuwa imewalazimisha wateja kutumia uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri ya mara moja, mpaka maji yalipokwisha kumwagika.

Naona ushauri wa kubadilisha nywila, ambao hufunga karibu kila tangazo la uvujaji, unatolewa kwa sababu ndio pekee usioigharimu taasisi chochote. Nywila hubadilishwa kwa dakika moja. Alama za vidole, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, ugonjwa uliougua ukiwa na miaka kumi na tisa, na vinasaba ulivyozaliwa navyo havibadilishwi. Vikishatoka, hukaa nje kwa maisha yako yote, na uzito wake huongezeka kila vinapounganishwa na vingine. Mwaka 2018 watu wengi duniani walipokea barua pepe yenye nywila yao ya zamani, ikidai kwamba mwandishi amewarekodi kwa kamera ya kompyuta yao wakitazama picha chafu. Hakuwarekodi. Alikuwa na nywila tu, iliyovuja miaka mingi nyuma kwenye tovuti waliyokwisha kuisahau, na hiyo ilitosha kuwafanya baadhi yao walipe kwa hofu. Kwa hiyo msemaji anaposema, wiki mbili baada ya wizi, kwamba hakuna ushahidi wa matumizi mabaya, mara nyingi anasema kweli, kwa kuwa ushahidi wenyewe utamfikia mteja miaka mitano baadaye kwa simu ya mtu mpole anayemwita kwa majina yake matatu, na hakuna atakayeweza kuthibitisha simu ile ilitokana na uvujaji upi.

Fidia nayo huwa kiini macho. Kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kukusanya habari za madeni ya watu bila kuwaomba, iliibiwa mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147, kupitia udhaifu wa programu ambao dawa yake ilikuwa imetolewa tangu mwezi Machi mwaka huo. Katika vurugu zilizofuata, akaunti ya Twitter ya kampuni yenyewe iliwaelekeza watu kwenye tovuti ya bandia, ambayo kwa bahati nzuri iliundwa na mtu aliyetaka kuonyesha tu jinsi ilivyo rahisi kuwadanganya. Mwaka 2019 yalifikiwa makubaliano ambayo vichwa vya habari viliyataja kuwa ya dola hadi milioni 700, na kila mwathirika akaambiwa anaweza kuchagua dola 125. Fungu lililotengwa kwa malipo hayo lilikuwa dola milioni 31. Mwenye kutaka kugawa afanye hesabu mwenyewe.

Katika masjala ya zamani, jalada halikutoka bila kusainiwa. Ukilitafuta ukalikosa, kadi iliyobaki kwenye rafu ilikuonyesha nani kalichukua na lini. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na sitaki kuupamba: mhuri wa SIRI ulipigwa mara nyingi zaidi kuilinda ofisi kuliko kumlinda mtu aliyeandikwa ndani. Mifumo ya kompyuta inaweza kuweka kadi ile kwa ukamilifu zaidi, ikirekodi kila aliyefungua, saa ngapi na alinakili nini. Ninachoshangaa ni kwamba rekodi hiyo, hata inapokuwapo, hubaki mikononi mwa taasisi, na mtu ambaye jalada ni lake hana haki ya kuiona mpaka agombane.

Wapo watakaosema kwamba watu wakiarifiwa kwa kila tukio watachoka na kuacha kusoma. Nadhani wanachochoka nacho ni barua zenyewe. Nimezisoma nyingi, huanza kwa kusema kwamba faragha yako ni kitu tunachokithamini sana, huendelea kwa aya tatu za kusifia hatua zilizochukuliwa, na hazitaji popote ni kipi hasa kilichochukuliwa kwenye jalada lako wewe. Barua yenye mistari sita, inayosema kwamba tarehe fulani vilichukuliwa namba yako ya kitambulisho, anwani yako ya mwaka fulani na maelezo ya matibabu ya tarehe fulani, na kwamba tulijua siku fulani, ingesomwa na kila mtu mpaka mwisho.

Kwa gazeti lako nina maombi machache. Habari ya namna hii itakapotokea tena, mwandishi aulize tarehe mbili, ya kugundua na ya kutangaza, na azichapishe zote mbili hata kama msemaji atanung'unika. Aulize kama walioguswa wameambiwa kabla ya wanahabari. Asiifungue orodha iliyovuja ili kujiridhisha, isipokuwa pale ambapo kuna jambo la umma lisiloweza kuthibitishwa kwa njia nyingine, na hata hapo asiihifadhi. Kisha arudi baada ya mwaka mmoja kuwatafuta watu waliokuwa kwenye orodha, kwa hiari yao na kwa majina ya kubuni wakitaka, kwani wakati huo ndipo madhara huanza kuonekana na ndipo kila chombo cha habari kimekwisha kuondoka.

Pamoja na barua hii nimeambatisha jina langu kamili, anwani na namba yangu ya simu, kama kanuni za safu yenu zinavyotaka kwa kila anayeandika. Naomba jina lisichapishwe. Naomba pia, katika safu hii hii ili wasomaji wenzangu waone, mtuambie taarifa hizo huwekwa wapi, nani katika chumba cha habari anaweza kuzifungua, hufutwa baada ya muda gani, na kama siku moja zitavuja, ni nani kati yetu na wakili wenu atakayepigiwa simu kwanza.

Wako mwaminifu,

Mtunza kumbukumbu mstaafu
(jina limehifadhiwa)